Kazi Isiyoandikwa Katika Mkataba



Kila mahali pa kazi pana kazi za namna mbili. Ya kwanza imeandikwa katika mkataba, na mtu hulipwa mshahara kwa ajili yake. Ya pili haikuandikwa popote: kumwonyesha mgeni jinsi ya kushika chombo, kuokota msumari kabla haujamchoma mwenzako, kushika zamu ya aliyeugua. Mwaka 1964 bingwa wa saikolojia wa Marekani, Daniel Katz, aliandika kwamba shirika linalotegemea amri zilizoandikwa tu ni dhaifu. Ushahidi upo: wafanyakazi wakifuata kanuni neno kwa neno, bila kuongeza lolote, kazi hukwama.

Basi, kwa nini fundi mmoja husaidia na mwingine hukataa? Mara nyingi sababu imo katika fikira zake. Anayedhani ujuzi ni kama mkate, kwamba ukimmegea mwingine wako hupungua, huuficha. Bali anayeamini kuwa uwezo wa mtu hukua kwa kujifunza, kama alivyoeleza Profesa Carol Dweck katika kitabu chake cha mwaka 2006, haoni hasara kumfundisha mwenzake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Nanyi wakubwa wa kazi, sikilizeni. Msaada ukiamrishwa si msaada tena, ni kazi bila malipo. Mtendeeni mtu haki, sikieni shauri lake, mshukuruni; naye atatoa kwa hiari yale ambayo mkataba hauwezi kuyadai.