Nani Atamtuza Mwanafunzi wa Ganuni?



Jioni za harusi hapa Ng'ambo, taarab huisikia kabla hujaijua nyumba yenye shughuli. Mwimbaji akifika pale panapochoma, akina mama huinuka mmoja mmoja, noti mkononi, kwenda kumtuza. Kumbe pesa za muziki tunazo. Ila hazimfikii anayejifunza.

Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini. Kuilinganisha sauti tu ni kazi ya mtu mzima, na mtoto wa Raha Leo au Kwahani hawezi kuwa na ganuni yake uvunguni. Hana budi avuke Darajani aende kwenye ala na mwalimu. Mwaka 2002 kilianzishwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, katika jengo la zamani la Forodha, Mizingani. Wanafunzi wengi hawakuwa na uwezo wa ada, chuo kikaegemea wafadhili wa nje. Fedha zao zilipopungua, mwaka 2019 chuo kikatangaza kwamba huenda kikafunga milango. Kilinusurika, lakini mimi tangazo lile halijanitoka.

Maana taarab yenyewe imetokana na masomo yaliyolipiwa. Wazee wanasimulia kuwa Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza ganuni, na aliporudi akawafunza wenzake. Mwaka 1905 kikaundwa Ikhwani Safaa. Baadaye Siti binti Saad, mkaazi wa Ng'ambo hii hii, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kutia sauti kwenye santuri.

Wako watu wenye dhiki kuliko sisi. Wapalestina walianzisha chuo chao cha muziki mwaka 1993, wakifundisha udi na ganuni, ala zile zile zetu. Hata katika vita vilivyoanza Gaza Oktoba 2023, walimu wake waliendelea kuwafunza watoto ndani ya mahema.

Najua baadhi ya wazazi husema muziki ni uhuni. Wengine wao nawaona mstari wa mbele kwenye kutuza!

Basi mwenye harusi mwezi huu aweke sahani ya pili karibu na jukwaa, aandike juu yake: ada ya mwanafunzi. Kungwi aitangaze, na asubuhi yake mtu mmoja avuke Darajani aipeleke.