Nyuso Zisizo Katika Picha

(Mazungumzo ya redioni. Somo: 1 Samweli 16:1–13)

Sisi wa Busia na Malaba twajua kazi ya picha ndogo ya uso. Bila hiyo hakuna pasi wala kitambulisho. Afisa wa mpakani huitazama picha, kisha hututazama sisi, kama aulizaye: Je, ndiwe kweli?

Mwaka 2019, katika Makumbusho ya Uganda huko Kampala, yalifanyika maonyesho ya picha za Idi Amin. Wapiga picha wa serikali walimfuata tangu 1971 hata 1979, na kazi yao ilikaa kabatini miaka mingi katika shirika la utangazaji, mpaka zilipopatikana negativu zipatazo 70,000. Wachache wetu tulivuka tukaenda kutazama. Tulimwona Amin akicheka, akicheza, akisalimu umati. Asiyejua habari za siku zile angesema: Huyu alikuwa baba mwema.

Lakini macho yetu yalitafuta nyuso nyingine. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke. Wengi walipita hapa Malaba kwa treni, wakienda Mombasa. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na serikali ikasema ni ajali ya gari. Na pande zetu hizi ziko nyumba ambazo baba alivuka kwenda biasharani, asirudi tena. Huyo hakutumiwa mpiga picha.

Samweli naye, nyumbani kwa Yese, alipendezwa na mwana mkubwa kwa umbo na kimo. Kumbe aliyechaguliwa hakuwapo. Alikuwa malishoni na kondoo, ikabidi aitwe. Ndivyo atazamavyo Mungu: humwona hata yule ambaye watu hawakumhesabu.

Basi ndugu, jioni ya leo zitoeni picha zenu za zamani. Andikeni majina nyuma yake, kabla wanaoyajua hawajafariki. Watoto wasikie jina la yule asiyerudi. Na kama jirani yako ni mjane wa siku zile, nenda ukamwulize habari za mumewe. Usiende na maneno mengi, kaa, usikilize. Huenda amengoja miaka zaidi ya 40 mtu wa kumwuliza.

Bwana atupe macho ya kuona, na miguu ya kwenda. Amina.