Jalada Lililokaa Kabatini: Kazi ya Charles Momsen katika Uokoaji wa Nyambizi na Mafunzo kwa Usalama wa Vyombo vya Majini

Utangulizi

Washiriki wa semina hii hawahitaji kuelezwa nyambizi ni nini. Inazama kwa kuingiza maji kwenye matangi yake na kuibuka kwa kuyasukuma nje kwa hewa iliyoshindiliwa. Uokoaji nao ni kuwatoa watu wakiwa hai kabla hewa haijawaishia. Waandaaji waliomba historia ya fani hii kupitia kazi ya ofisa mmoja wa Jeshi la Majini la Marekani, Charles Bowers Momsen, aliyezaliwa mwaka 1896, akastaafu mwaka 1955 akiwa makamu wa admirali na kufariki mwaka 1967. Ombi hilo litatimizwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mada itakaa kwenye kidonda ambacho watu wa usalama wa majini wamekiuguza miaka mingi: muda unaopita kati ya mtu wa kazi kuwasilisha pendekezo na ofisi kulijibu.

Jalada

Usiku wa tarehe 25 Septemba 1925, nyambizi S-51 iligongwa na meli ya abiria City of Rome karibu na kisiwa cha Block, pwani ya mashariki ya Marekani. Kati ya mabaharia 36, watatu tu walipona. Momsen, akiwa bado luteni, alikuwa nahodha wa S-1, nyambizi ya aina hiyohiyo, naye akatumwa kuitafuta. Alichokikuta ni mafuta na mapovu yakipanda. Aliwajua watu waliokuwa chini, alijua mahali walipo, na hakuwa na kamba, simu wala chombo chochote cha kuwafikia.

Akakaa akachora. Wazo lake lilikuwa kengele kubwa ya chuma iliyo wazi chini, ishushwe kutoka melini kwa kufuata waya hadi juu ya mlango wa dharura wa nyambizi. Ikikaa sawasawa juu ya mlango huo, maji ya ndani yasukumwe nje, kisha mgandamizo wa bahari yenyewe uibane ibaki palepale huku mlango ukifunguliwa. Michoro ilikwenda makao makuu kwa kufuata ngazi zote.

Ukapita mwaka na zaidi bila jibu. Kisha Momsen akahamishiwa Washington, kwenye idara ileile ya ujenzi na matengenezo iliyopelekewa michoro, na humo akalikuta pendekezo lake likiwa limelala kwenye majalada yasiyofanyiwa kazi. Alipolifufua, likakataliwa kwa hoja kwamba halitekelezeki.

Si nia ya mada hii kuinyooshea kidole ofisi yoyote ya zamani au ya leo. Idara ile ilikuwa na bajeti finyu na wahandisi waliokuwa na kazi nyingi. Lakini tarehe ni tarehe. Mnamo 17 Desemba 1927, muda mfupi baada ya kukataliwa huko, nyambizi S-4 iligongwa na meli ya walinzi wa pwani, Paulding, karibu na Provincetown, Massachusetts. Ilizama kwenye kina cha mita zaidi ya 30 tu. Mpiga mbizi alipoifikia na kugonga ubavu wake, akajibiwa kwa mapigo sita: watu sita walikuwa hai katika chumba cha mbele cha topedo. Waliendelea kugonga, wakiuliza kama kuna tumaini. Juu kulikuwa na tufani, na hata bahari ingetulia, hapakuwa na chombo cha kuwatoa. Wote 40 walikufa. Chombo ambacho kingeweza kuwafikia kilikuwa bado ni karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa na jibu la hapana.

Kutoka karatasi hadi chuma

Baada ya S-4 umma ulikasirika, na milango ikafunguka. Momsen pamoja na Clarence Tibbals na Frank Hobson walitengeneza kifaa cha kupumulia kilichokuja kuitwa pafu la Momsen. Ni mfuko wa mpira uliovaliwa kifuani, wenye mirija miwili inayoishia kwenye kipande cha kung'ata mdomoni. Pumzi iliyotoka ilipita kwenye chokaa soda iliyofyonza kabonidayoksaidi, ikarudi kupumuliwa tena, na hewa iliyotanuka wakati wa kupanda ilitokea kwenye vali. Momsen alijifanyia majaribio mwenyewe kwanza. S-4 iliyoibuliwa iligeuzwa chombo cha majaribio, na mwaka 1929, karibu na Key West, yeye na Edward Kalinoski walitoka ndani yake kutoka kina cha zaidi ya mita 60.

Kengele nayo ikapata nafasi yake. Momsen alipopangiwa kazi nyingine, Allan McCann aliiboresha na kuikamilisha, na chumba kile cha uokozi kikapewa jina la McCann. Sharti lake moja linafaa kukumbukwa: kuzunguka mlango wa dharura wa nyambizi lazima kuwe na bamba bapa ambalo mpira wa chumba utakalia bila kuvuja. Bamba hilo huwekwa kiwandani. Baada ya ajali hakuna fundi wa kulichomelea.

Tarehe 23 Mei 1939 nyambizi mpya Squalus ilizama karibu na New Hampshire ikiwa na watu 59. Vali kubwa ya hewa haikufunga, na watu 26 waliokuwa vyumba vya nyuma walikufa mara moja. Waliobaki 33 walikuwa kwenye giza na baridi, mita 74 chini. Safari hii mambo yalikuwa tayari: boya lenye simu lilipanda juu likaonekana, meli ya uokozi Falcon iliitwa kutoka New London, na Momsen, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha majaribio ya upigaji mbizi, alisafirishwa kwa ndege na watu wake. Mpiga mbizi Martin Sibitzky alifunga waya kwenye mlango. Chumba kikashuka kwa kujivuta chenyewe kwenye waya huo kikaleta watu 7, kisha 9, kisha 9 tena. Mara ya nne waya uliokivuta ulianza kukatika nyuzi, kikakwama majini kwa saa kadhaa, na hatimaye kikavutwa kwa mikono. Walitoka wote 33.

Siku chache baadaye, tarehe 1 Juni, nyambizi ya Uingereza Thetis ilizama katika ghuba ya Liverpool huku mkia wake ukionekana juu ya maji. Walipona wanne, walikufa 99.

Kwetu

Ukanda wetu hauna nyambizi, lakini una watu walionaswa ndani ya vyombo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria karibu na Mwanza, tumbo lake likabaki juu ya maji na watu wakiwa hai ndani. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, walitoboa tundu. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Mamia walikufa. Mwaka 2018, siku mbili baada ya MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara, fundi wake alikutwa hai kwenye mfuko wa hewa. Hewa iliyonaswa hufanya kazi kwa kanuni moja ziwani na baharini, na baada ya 1996 hakuna mwenye haki ya kusema haijui.

Mapendekezo

Kila pendekezo la usalama kutoka kwa nahodha, fundi au mpiga mbizi lipewe namba na tarehe, na lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60. Jibu la kukataa lisainiwe na mtu mwenye jina na cheo, likiwa na sababu za kiufundi. Neno "halitekelezeki" peke yake lisipokelewe.

Ni marufuku kutoboa chombo kilichopinduka kabla hakijashikiliwa kwa maboya ya hewa au kreni. Agizo hili libandikwe bandarini na lifundishwe kwa wavuvi, kwa sababu wao ndio hufika kwanza.

Maboya hayo yahifadhiwe Mwanza, Bukoba, Kisumu na Entebbe, yakaguliwe na kujazwa hewa mara kwa mara. Nchi tatu za ziwa zikubaliane mapema nani anamwita nani. Squalus iliokolewa kwa sababu Falcon ilijulikana iliko.

Wakaguzi wadai milango ya dharura inayofunguka pande zote mbili tangu chombo kikiwa kwenye michoro. Hili limesemwa juu kuhusu bamba la McCann na linarudiwa kwa makusudi.

Waokoaji wafundishwe kugonga na kuhesabu mapigo, na kuwajibu walio ndani.

Na mapendekezo yaliyokwisha kuwasilishwa miaka iliyopita yatolewe kabatini yasomwe upya, kuanzia lililokaa muda mrefu zaidi. Sekretarieti ya semina inaombwa kuandaa orodha yake kabla ya kikao kijacho.