Tusiwekane Kapu Moja
Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe yetu ya Uhuru

 

Nimeombwa nizungumze kama muuguzi, kwa hiyo nitaanza na figo.

Hapa Marekani, daktari akitaka kujua figo zako zinafanya kazi kiasi gani, hupima kreatinini kwenye damu, kisha kompyuta hupiga hesabu. Hesabu iliyotumika miaka mingi iliuliza: huyu ni Mweusi? Akiwa Mweusi, jibu lilizidishwa kwa 1.212. Sababu iliyotolewa ni kwamba Weusi wana misuli mingi zaidi, na kreatinini hutoka kwenye misuli. Bibi mwembamba kutoka Kigoma na mnyanyua vyuma wa Chicago, wote kapu moja.

Sasa tazameni matokeo yake. Mgonjwa ambaye hajaanza kusafishwa damu huanza kuhesabiwa muda wa kungojea figo kipimo kikifika 20 au chini yake. Mwenye 18 alipozidishiwa alikuwa karibu 22. Aliambiwa bado, na foleni ikasonga bila yeye. Mwaka 2021 wataalamu wa figo walipendekeza rangi iondolewe kwenye hesabu hiyo, na mwaka 2023 hospitali zikaagizwa kuwarudishia wagonjwa Weusi muda walioupoteza.

Aliyebonyeza kompyuta huenda hakumchukia mtu yeyote. Dhana ilikwishaingizwa ndani ya hesabu, naye akaifuata. Hapo ndipo penye hatari. Kwa hiyo mkipima figo, ulizeni bila aibu: hesabu hii ni ile mpya? Ukiwa na maumivu, yataje, na usinyamaze kwa kuwa umelelewa kuvumilia.

Lakini nyani haoni kundule. Na sisi tuna hesabu zetu, tena tunawafundisha watoto mezani. Mchaga tunamzidishia pesa. Mhaya tunamzidishia majivuno. Mzaramo tunamzidishia ngoma. Mzungu, eti hajali wazazi wake. Mmarekani Mweusi, eti hapendi kazi. Haya ya mwisho tunayasema sisi, ambao tukisimamishwa barabarani usiku, polisi hatuulizi kama tunatoka Tanga au Atlanta.

Najua kwa nini tunafanya hivyo. Ukifika nchi ya watu, huwezi kumjua kila mmoja, kwa hiyo akili inatafuta njia ya mkato. Tunasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Lakini nenda soko la Feri, Dar es Salaam. Mnunuzi anayejua samaki hufunua matamvua, hubonyeza nyama, na huangalia mmoja mmoja. Hatupi tenga zima.

Watoto wangu, mkitusikia wazazi tukisema "wale ndivyo walivyo", tuulizeni kwa adabu: nani, mama? Unamjua kwa jina? Wazazi, tusiwakaripie kwa swali hilo.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilijitawala, nchi yenye makabila zaidi ya 120. Waliotuongoza walikuwa na ahadi iliyoanza kwa kusema binadamu wote ni ndugu. Tuliibeba bendera mpaka huku. Na ahadi hiyo tuibebe.

 Heri ya Uhuru.