Breki Si Mahali pa Kubania Senti
(Hotuba kwa madereva na mafundi wa Muthangari)



Leo twataka kusema nanyi juu ya breki. Sisi tupitao kila siku barabara za James Gichuru na Waiyaki, tukibeba watu na mizigo, maisha yetu yamo katika diski na pedi.

Mwendapo Kirinyaga Road kununua spea, msichague kwa bei tu. Chukueni pedi kuukuu mkalinganishe umbo. Someni unene wa mwisho ulioandikwa kwenye diski. Ikiwa imefika hapo, pedi mpya hazitaiponya. Diski yenye ufa itupwe. Pedi iliyobaki milimita 3 imekwisha kazi. Badilisheni magurudumu yote mawili ya ekseli moja, ama gari litavuta upande.

Nanyi mafundi, msipulize vumbi la breki kwa hewa. Pedi nyingine zina asbesto, nayo huleta saratani ya mapafu. Panguseni kwa kitambaa chenye maji.

Je, tajiri akisema, "Endesha hivyo hivyo"? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yatuagiza tumwarifu msimamizi tuonapo hatari kubwa. Na mwenye kazi hana ruhusa kuturudisha hatarini kabla hajaiondoa. Basi arifuni kwa maandishi, na nakala mlete chamani. Mmoja akikataa peke yake hufukuzwa. Tukikataa sote, pedi hununuliwa.

Umoja ni nguvu.