Sukari, Chumvi na Mlango wa Utumbo



Chakula hakimfai mtu kitu maadamu kingali utumboni. Ugali, muhogo, ndizi na viazi kwa sehemu kubwa ni wanga, na wanga hauna budi kuvunjwavunjwa, kwanza kwa mate kinywani, kisha kwa majimaji ya kongosho katika utumbo mwembamba, hata uwe sukari nyepesi iitwayo glukosi. Lakini mazao yaliyoshushwa uani hayajaingia bado katika hesabu ya chama. Sharti yapite mlango wa ghala. Vivyo hivyo glukosi iliyomo utumboni ni kama ingali nje ya mwili, mpaka seli za ukuta wa utumbo ziipokee.

Seli hizo zina milango ya namna ya pekee. Mwaka 1960, mjini Prague, mwanasayansi wa Marekani Robert Crane alieleza kwamba glukosi haiingii peke yake, bali hufuatana na sodiamu, ambayo imo katika chumvi ya mezani. Leo yajulikana kuwa kila chembe moja ya glukosi hupita pamoja na chembe mbili za sodiamu. Seli hutumia nguvu zake kuitoa sodiamu na kuipeleka upande wa damu, ili ndani ibaki haba. Kwa kuwa ndani ni haba na utumboni ni tele, sodiamu ya utumboni huingia kwa kasi, ikiivuta glukosi. Na palipopita hivyo viwili, maji hufuata.

Kutoka hapo glukosi husafiri katika damu. Ini huweka akiba yake, misuli iliyopumzika huingoja insulini, kichocheo kitokacho kongosho, ndipo iipokee kwa wingi, ubongo haungoji. Ndani ya seli huunguzwa kwa oksijeni, nayo hutoa nguvu ya kulimia, kufikiria na kupumulia.

Habari ya ule mlango wa utumbo yaweza kudhaniwa kuwa ya wataalamu tu. Sivyo. Sumu ya kipindupindu huzifanya seli za utumbo zimwage chumvi na maji bila kiasi, na mgonjwa aweza kufa kwa saa chache kwa kukaukiwa. Ajabu ni kwamba mlango wa glukosi na sodiamu haufungwi na sumu hiyo. Maji matupu hayatoshi. Maji yenye sukari na chumvi hupokewa hata wakati mgonjwa angali anaharisha.

Jambo hilo lilithibitishwa katika shida kubwa. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojazana Bongaon, nchini India, kipindupindu kiliwaingilia, na chupa za maji ya kutiwa mshipani zikakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru glukosi, chumvi na magadi ya kupikia vipimwe na kutiwa katika mifuko midogo, wagonjwa wakanyweshwa mchanganyiko huo, aghalabu na jamaa zao wenyewe. Vifo, ambavyo mwanzoni vilikuwa kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hata chini ya 4.

Pakiti za ORS za zahanati hufanya kazi kwa njia iyo hiyo, nazo ndizo bora. Zikikosekana, huchukuliwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Karani wa mizani aelewa kwa nini neno hilo la mwisho lina uzito: sukari ikizidi huyavuta maji kuyarudisha utumboni na kuhara huongezeka, chumvi ikizidi humdhuru mtoto vibaya. Kukisia kwa mkono hakufai hapa, kama kusivyofaa kwenye pamba.

Mtoto hupewa kidogo kidogo kwa kijiko; akitapika, hungojwa dakika 10, kisha huanzwa tena polepole. Ziwa la mama halikatizwi, wala chakula. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Ikiwa macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi, hawezi kunywa, amelegea, au choo kina damu, apelekwe zahanati mara moja, huku akiendelea kunyweshwa njiani kwa kadiri awezavyo kumeza.