Kodi Tatu kwa Wimbo wa Kwaya: Mada kwa Wapiga Kinanda wa Busia na Malaba



1. Utangulizi

Mpakani hapa ukitamka kodi, watu hufikiria forodha. Kodi ninayoileta leo ni noti tatu zinazobonyezwa pamoja. Wengi wetu tulijua do-re-mi kabla ya kugusa kinanda, basi tuanzie hapo. Hoja yangu ni moja: wimbo ndio unaochagua kodi, si vidole vya mpigaji.

2. Kodi tatu za msingi

Do ikiwa C, kodi ya C ni do-mi-so, ya F ni fa-la-do, na ya G ni so-ti-re. Noti zote saba zimo humo. Mi ni ya C tu. Fa na la ni za F. Re na ti ni za G. Zenye nyumba mbili ni do (C na F) na so (C na G). Kwa hiyo uamuzi uko kwenye noti mbili tu, na hapo sikiliza majirani zake: so inayoelekea mi hutulia kwenye C, inayoelekea re huita G.

Mkono usirukeruke. Kutoka do-mi-so, F ipige do-fa-la, na G ipige ti-re-so. Vidole vitasogea kidogo tu.

3. Mfano

Tuchukue wimbo huu mfupi wa mapigo manne:

do mi so la | so mi re – | do re mi so | mi re do –

Usibadili kodi kwa kila noti. Tazama pigo zito; noti nyingine ni wapita njia. Kipimo cha kwanza shika C, la ipite. Cha pili anza C, hamia G kwenye re. Cha tatu baki C. Cha nne anza C, gusa G kwenye re, funga kwa C.

4. Nyimbo za sauti tano

Mfano huo hauna fa wala ti: ni wa sauti tano tu. Akogo, ala ya Wateso ya kupigwa kwa vidole, nayo hupangwa kwa sauti tano, na nyimbo nyingi za asili za huku ziko hivyo. Jaribio ni rahisi: wimbo ukipigika kwa vibao vyeusi pekee, ni wa sauti tano. Huo ukiupa F na G kamili, unauingizia sauti ambazo haukuzaliwa nazo. Mahali pa F weka la-do-mi. Kwenye G acha ti, piga so na re tu. Wazee wataimba bila kusita.

5. Funzo la 1963

Wimbo wa taifa wa Kenya ulitokana na bembelezi la Wapokomo. Tume ya watu watano iliuandaa mwaka huo, akiwemo George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda. Melodia ya mama na mtoto ilitangulia, upangaji wa sauti ukafuata.

6. Mapendekezo

Kabla ya mazoezi, mwalimu auimbe wimbo mara mbili kinanda kikiwa kimezimwa. Mdundo wa kubonyeza batani uje mwisho. Na kila kwaya irudi nyumbani na wimbo mmoja wa Kiteso, Kisamia au Kikhayo, iutafutie kodi zake, iuimbe Jumapili.